Mpishi Aliyeacha Mchezo

Mimi sikumpenda Emérence alipokuja kazini, na heri niseme mapema. Nilimwona mama mnene kutoka kijiji cha Mudaka, aliyechoma mishikaki ya mbuzi kando ya barabara miaka kumi na mitano, sasa anataka kuitwa mpishi wa Kijapani. Tulimcheka sana, mimi na wahudumu wenzangu. Leo naona haya.

Mgahawa wetu uko mtaa wa Nyalukemba. Mwenyewe, Papa Djafari, aliwahi kula hibachi safarini Dubai: mpishi anapika mbele yako juu ya bamba la chuma lenye moto chini, huku akirusha mayai na kuzungusha visu. Aliporudi akamtafuta fundi wa kuchomea vyuma, akatengenezewa bamba lake, refu, viti vinne vikapangwa upande mmoja. Mpishi husimama upande wa pili. Kisha akauza bon, yaani vocha, za nusu bei, mlo wa watu wawili, Jumapili baada ya misa. Emérence alipewa Jumapili tatu za majaribio. Mbili zilipita, wateja wakala na hawakurudi.

"Leo ukishindwa kufurahisha batu, maman, nitaleta mupishi wa Kigali," Papa Djafari alimwambia. Emérence ana watoto wanne na mume hana.

Siku hiyo walitangulia Jean-de-Dieu na mkewe Rosette, na bon yao mkononi. Bon ya pili ilikuwa ya binti mmoja na mama yake mzee aliyetoka kisiwa cha Idjwi. Nikawaketisha kwenye viti vilivyobaki bila kuuliza kitu. Kumbe binti ni Aimée, mdogo wake Rosette, na yule mzee ni mama mkwe wa Jean-de-Dieu. Dada hao walikuwa wamenunua bon kila mmoja kivyake, wala hawakuambiana.

Kwetu mkwe hali mbele ya mama mkwe wake. Hata kumtazama akitafuna ni kumvunjia heshima. Jean-de-Dieu akageuzia uso ukutani. Mzee akavuta kitenge hadi mdomoni. Nyama ikanukia, yai likaruka juu likadakwa, na hakuna aliyeinua uma. Rosette alikuwa karibu kulia. Kuondoka aibu, kula aibu zaidi, na kosa lilikuwa langu. Mlangoni Papa Djafari alikuwa amekunja mikono.

Emérence aliweka visu chini. Akatazama sura moja moja, akaelewa. Akazunguka bamba, akasogeza viti viwili huku na viwili kule, kisha akasimama katikati, upande wa wateja, mwili wake mpana ukawatenganisha. Akaanza kupika akiwa pale pale.

"Michezo iko wapi?" Papa Djafari alimuuliza kwa hasira.

"Batu iko na njala, patron," alijibu bila kugeuka.

Alipika hivyo karibu saa nzima, akipakua kulia, akipakua kushoto, mafuta yakimrukia mikononi kwa sababu upande ule alibanwa karibu mno na bamba. Hakupiga kelele hata mara moja. Kwanza nilisikia uma wa Jean-de-Dieu. Baadaye kitenge kikashuka. Mzee alikula wali, akala nyama, akaomba vitunguu tena. Nilimheshimu Emérence saa ile, kwa moyo wangu wote.

Kabla ya kumaliza, mzee alimvuta aproni na kumkabidhi kipande kizuri cha nyama alichokuwa amekitenga.

"Umupatie bwana ya Rosette," alisema.

Jean-de-Dieu alikipokea kwa mikono miwili, uso bado ukutani.

Wakati wa kutoka, mzee alisimama mbele ya Papa Djafari.

"Ule maman anatumikaka siku gani? Niko na bakwe tatu bengine."

Papa Djafari alitazama mikono ya Emérence iliyojaa malengelenge.

"Siku zote, maman," alisema.