Jogoo Aliyefungwa Tangu Asubuhi

Nakumbuka Jumamosi moja, siku tatu baada ya Krismasi, miaka ile simu za mkono zilikuwa bado za watu wachache. Mwanangu, siku hiyo inanisumbua mpaka leo nikiona Desemba inakaribia.

Nilikuwa nimeolewa hapa Kitale, na watu walinijua kwa kusema ndiyo. Kanisani wakaniomba nipike chai ya wageni asubuhi, nikasema ndiyo. Shemeji yangu Rispa akaniambia watu wa posa ya binti yake Nekesa wanakuja saa nne, nani mwingine atawapikia? Nikasema ndiyo. Na mama yangu, Nasambu, aliyekuwa akiishi peke yake kule Bungoma, nilikuwa nimemtumia neno kwa simu ya jirani yake Wanyonyi: Jumamosi saa sita niko hapo. Nilijipangia vizuri sana kichwani. Kichwani hakuna gari linalochelewa.

Mama alikuwa na ugonjwa wa sukari. Akishameza dawa ilibidi ale kwa wakati. Nilijua hivyo.

Wageni wa posa walifika saa saba, wakicheka na kulaumu barabara. Mimi niko jikoni kwa Rispa, nasonga ugali, macho kwa saa ya ukutani. Nilitoka mara tatu kupiga simu ya Wanyonyi, imezimwa. Nikamwambia Rispa aniache niende, naye akanijibu:

"Mama Wafula, nyama iko kwa moto, unaenda wapi? Mama yako si mgeni, atangoja."

Nikabaki. Simlaumu; mdomo uliosema ndiyo ulikuwa wangu.

Nilitoka Kitale saa tisa. Baiskeli ya bodaboda ilinishusha kwa mama jua likiwa linashuka. Jogoo alikuwa amefungwa kwa mguu wa meza, na maji yake kwenye kikebe. Kwetu kuku wa mgeni hachinjwi mpaka mgeni aonekane, na mwenye nyumba hali kabla yake. Mama alikuwa amelala kwa mkeka na gauni lake la kanisa, limejaa vumbi. Topista, mke wa Wanyonyi, alikuwa anamnywesha chai ya sukari nyingi kwa kijiko. Mama alikuwa ameanguka barabarani, akienda mara ya nne kuangalia kama nakuja.

Topista akanipa kile kijiko, akatoka nje.

Mama akanishika mkono. Wake ulikuwa baridi. Akasema polepole, "Si ungesema tu hauji. Ningekula."

Alipata nafuu, Mungu asifiwe. Kesho yake tulimchinja yule jogoo, akaniwekea firigisi kama mgeni wa heshima. Nikairudisha kwenye sahani yake.

Mwanangu, najua Desemba yako imejaa: watoto wamefunga shule, harusi, wakwe, kanisa. Kabla hujamwambia mtu wa pili ndiyo, kumbuka wa kwanza ameshaanza kungoja. Enda kwanza kwa yule asiyeweza kungoja. Na ukiona hutafika, sema mapema, hata kama atanuna. Wacha anune akiwa ameshiba.

Mungu akupe watu wengi wa kukungojea, na asikubali hata mmoja wao akae njaa kwa sababu yako.