Bluu ya Kufulia

Harufu ya mayai viza huwakimbiza watu. Mimi hunirudisha Merrylands, mtaa wetu wa kwanza ughaibuni, kwenye beseni la plastiki nyuma ya fleti yetu. Kiangazi kile nilikuwa na miaka tisa, na Mama, baada ya miaka mingi ya kambi ya wakimbizi Tanzania, alikuwa amepata kazi yake ya kwanza, kuhudumia wazee. Aliambiwa afike Jumatatu na shati jeupe. Alikuwa nalo moja tu, tena limeanza kugeuka manjano kolani, na kwa Mama nguo haiwi nyeupe bila bluu, ule unga unaotiwa kidogo kwenye maji ya mwisho ya kusuuzia. Aliupata mtaa wa jirani, Fairfield, kwenye duka la Mhindi, akafurahi kama aliyekutana na ndugu.

“Tia bluu, lakini isikuwe bluu,” aliniagiza Jumapili tulipotoka kanisani, akaingia kupika. Kiswahili nilikielewa, ila siku hizo nilikijibu kwa Kiingereza. Kiburi cha mtoto aliyeanza kupata marafiki shuleni. “Okay, Mum,” nikasema, nikiwaza katuni zangu kwenye televisheni. Haraka haraka haina baraka: nilimimina pakiti nzima juu ya shati. Likatoka na madoa kila mahali, na mimi nikalia kweli, maana nilimwona Mama akifukuzwa kazi hata kabla ya kuianza. Nikamkimbilia jikoni. “Mama, nisamehe. Nimeharibu shati lako.”

Hakunigombeza. Alilitazama shati, akanitazama mimi, kisha akaleta chupa ya siki, tukalifikicha pamoja mchana kutwa. Uvundo wa mayai viza ulipanda, bluu ikafifia. Kesho yake alikwenda kazini nalo, na hakuna aliyemwuliza kitu.

Leo nauza rangi za wachoraji, na najua kwamba unga ule ni rangi yao hasa. Zamani ilisagwa kutoka kwenye jiwe adimu, ikathaminiwa kama dhahabu, mpaka wanakemia wa Ulaya walipoipika viwandani kwa udongo, magadi na salfa. Siki huiua, nayo hufa ikinuka. Juzi nilimweleza Mama yote haya, mashine yake ikijifulia yenyewe na wajukuu wakimjibu Kiingereza sebuleni. Nikamwuliza kwa nini siku ile hakunichapa.

“Ningekuchapaje na nilikuwa nafurahi?” akasema. “Mwaka mzima ulikuwa unaniita Mum. Siku ile uliniita Mama.”