Kilio Kilichongojwa Dirishani

Kibondo, mwaka 2013, akina mama hawakungoja daktari atoke kuwaambia kwamba mtoto amepona. Walitandika vitenge chini ya dirisha la chumba cha upasuaji, wakangoja kilio. Mtoto akilia, basi mzima. Mimi nilikuwa mtu wa kutoa dawa ya usingizi, na nilijua kwamba mtoto mwenye mpira wa kupumulia kooni hawezi kulia hata akiamka, maana mpira umepita katikati ya nyuzi za sauti. Sikuwahi kuwaeleza. Nilijiona nina kazi nyingi.

Asubuhi moja tulimshona binti wa miaka mitatu, mdomo wa sungura, ule wa juu uliopasuka tangu kuzaliwa. Mama yake alitoka naye kijijini Kumsenga. Tulipomaliza, akaanza kuita dirishani: "Mganga, mbona mwana halii?" Akaita tena. Mara ya tatu sauti ilimkatika, nami nikashindwa kuvumilia.

Mtoto alikohoa, akarusha mkono. Hakuwa amelala fofofo, wala hakuwa ameamka. Tulifundishwa: mpira utoe akiwa usingizini kabisa, au ngoja afumbue macho, hapo katikati usiguse. Methali ya haraka na baraka naijua tangu darasa la pili. Nikauvuta mpira.

Koo likajifunga. Kifua kilihangaika, hewa haiingii. Nilimbana maski usoni, nikainua taya, nikakamua mfuko wa oksijeni, mfuko ukagoma. Mdomo tuliotoka kuushona ukageuka rangi. Daktari alisema, "Jamani." Sijapata kuogopa vile maishani, na nje yule mama alikuwa bado anaita.

Kisha mfuko ukalainika mkononi mwangu. Mtoto akavuta pumzi, akalia, na nje kikapigwa kigelegele. Nikakaa sakafuni.

Tangu siku hiyo, kabla ya upasuaji, mimi hutoka kwanza nje, nikawaambia akina mama kwamba kimya kitakuwa kirefu na wasiogope. Wao hutulia. Mimi, kila nikishika mpira, namsikia yule mama akiita.

Siku ya kutoa nyuzi za mshono, yule mama alirudi na mkungu wa ndizi kichwani. Alipiga magoti mbele ya wauguzi wenzangu wote, akanishukuru kwa kumrudisha mwanawe kutoka mlangoni pa kifo. Niliupokea mkungu kwa mikono miwili. Sikumwambia ni nani aliyempeleka huko.