Jeneza Lililosubiri Upande wa Mizigo

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya majeneza karibu na mtaa wa Mbotela, msimamizi alinipa kamba yenye mafundo. Kila fundo, futi moja. "Kijana," akasema, "usiulize aliyekufa ni nani, utashindwa kupiga randa. Uliza urefu." Jamaa wa marehemu walikwenda nayo mochari wakarudi na kipimo, nasi tukaongeza upana wa kiganja, kwa kuwa maiti haikunjiki.

Baadaye nilihamia mtaa wa Jericho, kwa fundi mkuu aliyenifundisha kupaka vanishi na kutandika satini ndani ya jeneza bila mikunjo. Naye alifuata kamba. Nikastaafu nikiifuata.

Mwanangu Barasa alikuwa Korea, mji wa Sokcho, kwenye kiwanda cha kukausha samaki. Jumapili alipanda Mlima Seorak, ulio nyuma ya mji. Siku moja alinionyesha kwa simu jabali liitwalo Ulsanbawi. Wenyeji husema lilikuwa safarini kwenda mkutano wa majabali huko kaskazini, likachelewa, likaona haya kurudi kwao, likakaa hapo.

"Wewe usione haya," nikamwambia.

"Nitarudi, Baba." Akacheka.

Jumapili moja aliteleza kwenye barafu akishuka mlima huo, akafa. Urefu wake niliujua, kwa hiyo nilirudi karakana nikamtengenezea jeneza mwenyewe. Tukalipeleka uwanja wa ndege, tukasimama upande wa mizigo, maana maiti hutokea huko. Tulisubiri sana. Kumbe rafiki wa Barasa alikuwa ametokea mlango wa abiria, amekumbatia kisanduku kilichofungwa kitambaa cheupe.

"Baba," akasema, "huyu hapa."

Mke wa Barasa alikuwa amekubali mwili uchomwe huko huko, yaje majivu. Mimi sikuulizwa. Nilikishika kile kisanduku, kikawa chepesi kuliko randa yangu.

Vijana wa karakana walitaka kuchonga kijeneza kidogo. Ndugu yangu akapiga simu kutoka Bungoma: "Mtu hazikwi kama mkebe wa chumvi. Wazee waliotangulia hawatamfungulia boma. Kateni mgomba uwe mwili wake, alale nao."

Tukasafiri na jeneza, tukalala Bungoma. Asubuhi nilikata mgomba nyuma ya nyumba, nikaupima kwa kamba ile ile, nikauweka ndani ya jeneza pamoja na kisanduku. Waliobeba jeneza walisema ni zito kama la mtu.

Sasa vijana huja kwangu kujifunza kupima. Nawaonyesha kamba. Siku ile, nilipopima mgomba, mkono uliongeza upana wa kiganja, wenyewe.