Maumivu Tuliyomficha Nesi

Majina ya watu wote wa safari ile ninayo kichwani, hata la mfagiaji wa wodi. Sitayaandika, kwa sababu wenyewe sikuwaomba ruhusa.

Binti yangu, mwalimu kule Gitting, alipata saratani ya uboho, ule ute wa ndani ya mifupa. Ilianza kwa mgongo kuuma, tukadhani ni jembe. Alitumia dawa miezi mingi mpaka ugonjwa ukatulia, ndipo daktari wa hospitali kubwa akatueleza. Watavuna mbegu za damu yake mwenyewe, zile wanazoziita seli mama, wazigandishe. Kisha atapewa dawa kali ya kumaliza mabaki ya ugonjwa. Dawa hiyo inaua na mbegu pia, kwa hiyo zile za akiba zitarudishwa mwilini. Zisipotosha, dawa kali hapewi. Nilielewa upesi, mtu wa shamba haelezwi habari ya mbegu mara mbili.

Akaanza sindano za kila asubuhi, za kutoa mbegu kwenye mifupa ziingie kwenye damu. Siku ya tatu namwona anatembea ameshika ukuta.

"Mgongo?"

"Mgongo, mama. Na nyonga. Kama mwanzo kabisa."

Ugonjwa umerudi, nikajua hivyo. "Usiseme," nikamwambia. "Wakisikia watakuachisha."

Kwetu, kijijini Daudi, nilimlea mwenyewe nikimwambia mtu mzima haugulii mbele ya wageni. Basi akanyamaza. Nesi akiuliza hali, anajibu, "Salama tu." Kwa maumivu hakula, na maji alikunywa kidogo sana.

Siku ya kuvuna, damu ilitoka mkono mmoja, mashine ikachuja mbegu, damu ikarudi mkono wa pili. Lakini mishipa ilikuwa imesinyaa. Mashine ikawa inalia na kusimama, inalia na kusimama. Jioni tukaambiwa mbegu hazijafika hata nusu.

Nesi, mama mmoja wa Tanga mwenye maneno mengi, akaniamkia kisha akamgeukia mgonjwa. "Mwalimu, kweli mifupa haikuuma?"

Binti yangu akaniangalia.

"Iliuma," nikasema. "Mimi ndiye niliyemkataza. Tulijua ugonjwa umerudi."

"Jamani, bibi!" Akapiga makofi. "Ni sindano hiyo! Mifupa inafanyishwa kazi, isiume? Wengi wanaumwa, tunawapa dawa, wanakula, wanakunywa. Ninyi mmekaa na siri kama wezi wa mbuzi!"

Nilicheka mpaka machozi. Akasema pia zile dawa za miezi mingi huichosha mifupa, kwa hiyo kosa si langu peke yangu. Nilishukuru kupunguziwa.

Kesho yake alipewa dawa ya maumivu na sindano nyingine, nami nikamnywesha uji na maji bila huruma. Mashine ikaenda vizuri, mbegu zikatosha.

Baada ya dawa kali wakamrudishia mbegu zake. Hapo tukangoja siku nyingi. Homa ikaja, vidonda vikajaa mdomoni, lakini safari hii alilalamikia kila kitu, hata shuka. Kila aliposema "mama, hapa," nilimwita nesi, naye akaja.

Asubuhi moja daktari akaingia na karatasi ya vipimo: chembe nyeupe zimeanza kupanda, mbegu zimeshika. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, wodi nzima ikasikia.

"Mama," binti yangu akasema, "hiyo sala ni ndefu. Mimi njaa inaniuma."

Nikaikatisha pale pale, nikaenda kumtafutia uji.