Mkwezi Aliyepimiwa Kaburi Akiwa Mnazini

"Zebaki yangu imepanda kuliko ya mwanamume yeyote hapa Masaki! Mwenye ubishi alete mkono!"

Hayo aliyatangaza babu yangu Zahoro barazani kwa jumbe, mwaka 1954, kifua wazi, jasho linamtiririka. Alikuwa mkwezi wa minazi, akilipwa kwa nazi, na alijisifu pia kwamba tangu aoe hajanunua hata moja. Majivuno yote mawili yalikuwa kweli. Balaa lilianzia hapo.

Serikali ilikuwa imemleta dresa mmoja, msaidizi wa daktari, jina lake Lucian, Mnyamwezi wa Tabora, awapime presha watu wazima wote wa Masaki. Alikuja na daftari na kisanduku chenye bomba la kioo lililotiwa zebaki. Unafungwa kitambaa mkononi, kinajazwa upepo, zebaki inapanda. Wanaume wakatazama mara mbili tu, wakajua bila kumwuliza mtu kwamba haya ni mashindano ya nguvu. Kondo seremala alipata mia na thelathini, akachekwa mpaka akaomba arudie. Zahoro, zamu yake ilipokaribia, alizunguka nyuma ya nyumba akatwanga mahindi ya jirani mpaka yakawa vumbi. Ndiyo siku pekee maishani mwake aliyoshika mchi.

Zebaki ikasimama mia mbili na kumi.

Lucian hakumpongeza. Alimpumzisha ukumbini, akapima tena: mia mbili na kumi. Kesho yake, kabla ya chai: mia mbili na tano.

"Mzee, hii si nguvu, ni ugonjwa. Damu inasukuma mno. Siku moja kizunguzungu kitakukuta huko juu, uanguke. Acha kukwea, na chumvi upunguze."

Zahoro akacheka. "Mnyamwezi wewe! Babu zako walikuja pwani wamebeba mizigo, nawe umekuja kunibebesha maradhi?"

Hapo alijimaliza mwenyewe. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na mtani ukishamchokoza anaweza kukwambia lolote, hata kudai vitu vyako ukifa, na ukikasirika aibu ni yako. Mtumishi wa serikali hakuwa na uwezo wa kumzuia Zahoro kukwea. Mtani alikuwa na uwezo wa kumharibia siku.

Bibi yangu Mwanakheri ndiye aliyemtonya Lucian jambo ambalo mumewe alilificha: mara mbili mwezi ule alikwama katikati ya mnazi, kafumba macho, kaukumbatia kama mtoto mgongoni kwa mama.

Siku ya tatu asubuhi, Zahoro akiwa nusu ya mnazi, Lucian akatokea na jembe na kipande cha kamba. Akalala chali pale chini, akajinyoosha, akaanza kupima.

"Dresa, unafanya nini?"

"Napima kaburi lako. Mzaramo mwenyewe mrefu, nisije nikachimba fupi miguu ikabaki nje. Wewe kwea tu, usinijali."

Majirani wakaanza kusogea. Lucian akageuza shingo. "Mwanakheri! Kanzu yake ya Idi ni yangu. Na ile kamba ya kukwelea iliyo miguuni. Mwambie akianguka asiichafue."

"Kanzu imetoboka kwapani, mtani," bibi akajibu. "Chukua na mkeka."

Watu wakavunjika mbavu. Zahoro naye akacheka huko juu, kisha kicheko kikakatika. Akaukumbatia mnazi, paji la uso limebanwa kwenye gome. Lucian akainuka, akalitupa jembe mbali.

"Baba," akasema taratibu, "usitazame chini. Mguu wa kushoto. Tulia. Haya, sasa wa kulia."

Ilichukua muda wa kupika uji. Zahoro alipogusa ardhi alikaa pale pale penye alama za kaburi, akavuta pumzi mpaka rangi ikamrudia. Kisha akaivua kamba miguuni, akamrushia Lucian kifuani.

"Shika urithi wako, Mnyamwezi. Hata kungoja nife umeshindwa."

Hakukwea tena. Aliishi miaka kumi na tisa zaidi, akilalamikia mboga kila jioni kwamba haina chumvi. Jumamosi ya wiki ile Mwanakheri alikwenda sokoni kununua nazi, mara ya kwanza tangu aolewe.

Nazi moja ilikuwa senti kumi.