Ukurasa wa Kushoto

Marie-Louise Irakoze hurekebisha nguo katika kiduka chake Overport, mjini Durban. Jumamosi mchana hufunga mapema, huenda kwenye ukumbi wa kanisa na kupiga piano. Kwa miaka mingi alichopiga kilikuwa nusu ya muziki.

Alijifunza Bujumbura, kwa watawa, yeye na mdogo wake Nimbona. Mtawa aliyewafundisha alipenda muziki wa Kifaransa wa mwanzoni mwa karne iliyopita, ule ulioandikiwa watu wawili wanaoketi bega kwa bega kwenye piano moja. Katika kitabu chake, ukurasa wa kushoto ulikuwa wa anayepiga sauti nzito na kukanyaga pedali, wa kulia wa anayepiga nyembamba. Marie-Louise alikuwa na mikono mirefu, akawekwa kushoto. Hakuna aliyewaza kwamba wangetengana. Vita vilipokuja, Nimbona akaishia Ubelgiji. Marie-Louise na kitabu wakaishia Durban.

Basi akawa anapiga kurasa za kushoto peke yake. Mahali ambapo Nimbona angepiga peke yake, yeye aliweka mikono mapajani, akasubiri, akaendelea. Mchungaji alidhani anasali. Mumewe Juvénal, anayefanya kazi kwenye maghala ya Clairwood, aliwaambia majirani kwamba huo ni muziki wa kisasa.

Jumamosi moja akaja Kiptoo, Mkenya anayefundisha uhandisi chuo kikuu, kurudisha viti vya harusi. Alisimama mlangoni akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba muziki ule anaujua. Aliupiga alipokuwa mwanafunzi Lyon, Ufaransa, pamoja na mama mwenye nyumba.

Marie-Louise alisogea kushoto kumpa nafasi kwenye benchi. Kiptoo akazunguka, akaja kusimama upande uleule wa kushoto.

"Samahani, Mama Irakoze," akasema. "Mimi hukaa hapa."

"Hapo ndipo ninapokaa mimi, Mwalimu."

Ikabainika kwamba yule mama wa Lyon naye alijichukulia sauti nyembamba, na Kiptoo hakuwahi kusoma ukurasa wa kulia hata mmoja. Walijaribu kupiga wote wawili ule wa kushoto. Ilisikika kama malori mawili yakirudi nyuma.

Nani ahame? Mama Irakoze alisema msomi hujifunza haraka. Mwalimu alisema mwenye kitabu ndiye mwenye haki ya ukurasa mzuri, ule wa kulia. Waliheshimiana hivyo kwa Jumamosi kadhaa bila kupiga chochote.

Marie-Louise akampigia simu Nimbona kulalamika. Nimbona alisikiliza, akasema, "Dada, mimi siku zote nilitaka upande wako. Wewe ndiye uliyekuwa na pedali."

Marie-Louise alikaa na simu mkononi baada ya kuagana. Utoto wake wote aliamini kwamba mdogo wake ndiye aliyependelewa. Jumamosi iliyofuata alikwenda moja kwa moja kuketi kulia. Kiptoo akaketi kushoto.

Alijifunza polepole. Mguu wake uliendelea kutafuta pedali na kukanyaga kiatu cha Mwalimu, hadi Mwalimu akaanza kuja na buti za karakana. Mwishowe wakafika mwisho wa kipande kimoja kifupi, kilichoandikiwa watoto. Wimbo ambao Marie-Louise alikuwa ameusikia pembeni yake tangu utotoni ulikuwa sasa unatoka kwenye vidole vyake. Machozi yalimtoka, lakini hakuacha kupiga. Kiptoo alikazia macho ukurasa wake.

"Kuna noti moja umeikosa," akasema walipomaliza.

"Najua."

Walipokizoea kipande hicho, Juvénal akashika simu juu ya piano ili Nimbona asikie kutoka Brussels. Walipiga chote. Kule upande wa pili kukawa kimya, hata Juvénal akadhani mtandao umekatika.

"Mnakimbia sana," Nimbona akasema hatimaye. "Anzeni tena."

Wakaanza tena.